Shule Iwe na Ghala Lake

Katika jambo hili watu wamegawanyika pande mbili, na mwandishi hana budi kusema wazi yuko upande gani. Upande mmoja husema kwamba shule yenye kompyuta na waya wa intaneti haina haja ya kuweka faili zake nyumbani. Masomo, mitihani, orodha za wanafunzi na kazi zao, vyote vipelekwe katika maghala ya makampuni makubwa, na kila atakaye kitu akiombe huko. Upande wa pili husema kwamba shule yapasa kuwa na ghala lake yenyewe ndani ya ua wake, na kwamba milango ya ghala hilo ipangwe na watu wa shule ile ile. Mimi ni wa upande wa pili. Ninapozifikiri shule za Kwale na pwani ya kusini ya Kenya, toka Tiwi na Diani hata Msambweni, Ramisi, Shimoni na Vanga, siioni rai ya kwanza kuwa inazifaa.

Kwanza tuelewane juu ya maana. Kompyuta ishirini zilizopangwa katika chumba kimoja bado si mtandao, kama vile mawe ishirini yaliyorundikwa bado si nyumba. Ikiwa kila moja ina faili zake ambazo nyingine haizioni, basi mwanafunzi aliyeianza insha yake jana kwenye kompyuta ya dirishani hawezi kuiendeleza leo kwenye kompyuta ya mlangoni. Ama aingoje ile ya jana iachwe na mwenziwe, ama aianze insha upya. Ghala la faili ni dawa ya ugonjwa huu. Kompyuta moja, iitwayo seva, hupewa kazi ya kuweka faili za wote. Nyingine zote huunganishwa nayo kwa waya au kwa mawimbi, nazo huziona faili hizo kana kwamba zimo ndani yao wenyewe. Insha ni moja, mahali pake ni pamoja, na mwenyewe aweza kuifikia kutoka kiti chochote.

Jambo hili si geni wala si la majaribio. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, nao mapema ukawa mfumo wa watu wengi kuitumia mashine moja bila kugombana. Mashine zilipoongezeka, ikawa haja kuzifanya zitumie faili kwa pamoja. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya California ikatunga njia iitwayo NFS, yaani mfumo wa faili wa mtandao. Kampuni ile haikuzificha kanuni za njia yake. Wengine wakaweza kuunda mitambo iliyoelewana nayo, na mwaka 1989 maelezo ya toleo la pili yakatolewa wazi kwa dunia nzima. Sun yenyewe haipo tena, maana ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Lakini NFS ingali hai, nayo hupatikana bila malipo ndani ya Linux, mfumo wa jamaa ya Unix ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Ufini aliyekuwa angali mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni: kampuni hufa, bali kanuni iliyo wazi hubaki. Anayejifunza kanuni iliyo wazi hujifunza kitu ambacho hakuna mfanyabiashara awezaye kukifunga.

Sasa nazitaja hoja zangu. Hoja ya kwanza ni ya umbali. Tuchukue darasa la wanafunzi 40, na somo la picha za video lenye ukubwa wa megabaiti 50. Kila mwanafunzi akilivuta somo lile kutoka nje, jumla ya mzigo ni megabaiti 2,000, yaani megabiti 16,000. Tuseme shule inalipia intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, na hakuna mtu mwingine anayeitumia saa ile. Mzigo utachukua sekunde 1,600, yaani karibu dakika 27. Kipindi cha dakika 40 kimekwisha kuliwa zaidi ya nusu, na mwalimu hajasema neno. Mzigo uo huo ukitoka katika seva iliyo pembeni ya chumba, kwa waya wa megabiti 1,000 kwa sekunde, kwa hesabu ya ubaoni huchukua sekunde 16. Hata tukikubali kwamba mambo ya kweli huwa polepole kuliko hesabu za ubaoni, na tukazidisha mara tatu, bado haifiki dakika moja. Swichi na nyaya za kazi hii hununuliwa mara moja. Intaneti hulipiwa kila mwezi. Basi ni hekima gani kulipa kila mwezi ili kukawia?

Tena umbali huo si wa muda tu, bali ni wa hatari pia. Intaneti yetu huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari zikatua Mombasa: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nyingine baada yake. Ni kazi kubwa, na nchi imepata faida nyingi kwayo. Lakini waya wa baharini hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na nchi za jirani ikadhoofika kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, mwanafunzi anayetaka faili aliyoiandika mwalimu aliyeketi hatua kumi kutoka kwake, kwa nini angoje meli ya kuunga waya baharini? Na hata kama ghala la kampuni liko Nairobi, kisa ni kile kile kikifupishwa: mti ukianguka juu ya nguzo njiani, faili ya Msambweni haifiki Msambweni.

Watu wa Kwale hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Chemchemi za Marere zimo katika vilima vya Shimba, na maji yake yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba tangu zama za ukoloni. Na visima vya Tiwi hunywesha watu hata Likoni. Hatuoni vibaya jirani akinywa. Lakini mtu aliyekaa karibu na chemchemi, kisha akanunua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, hujua uchungu wa kitu cha nyumbani kinachorudi nyumbani kwa bei. Faili za shule ni maji ya chemchemi ya shule. Mwalimu amezitunga hapo, mwanafunzi azihitaji hapo. Kuzipeleka mbali ili zirudi ni kumnunulia mtoto maji ya kisima cha babaye.

Wapinzani wetu hujibu kwamba maghala ya ng'ambo ni ya bure. Hili nalikanusha. Hakuna ghala la bure. Kuna ghala ambalo bei yake haijatajwa. Leo nafasi ni ya bure, kesho ina mpaka, keshokutwa mpaka hupunguzwa, na aliyekwisha kujaza mali yake ndani hana la kufanya ila kulipa au kuhama usiku. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nao walisema hivyo juu ya ndugu. Juu ya kampuni isiyojua hata jina la shule yetu wangalisema nini?

Wako wengine wasiopenda ghala la nyumbani wala la ng'ambo. Hao hutegemea flashi. Kila mwalimu ana yake shingoni kama hirizi, na mtihani mmoja hutembea toka kompyuta ya ofisi hata kompyuta ya mpiga chapa, kisha hurudi. Mtindo huu una maradhi matatu. La kwanza, flashi hueneza virusi kutoka mashine hata mashine. La pili, flashi hupotea, na ikipotea ina mitihani ndani yake, shule nzima imo hatarini. La tatu, ndilo kubwa, flashi huzaa nakala nyingi za kitu kimoja. Mwalimu mkuu ana orodha ya ada ya Jumatatu, karani ana ya Jumatano, mwalimu wa zamu ana ya mwezi uliopita, na kila mmoja huapa kwamba yake ndiyo sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ghala la pamoja ni daftari moja: akisahihisha mmoja, wote huona kilichosahihishwa.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba kazi hii ni ngumu, ni ya mafundi wa Nairobi. Hapa nataka kuwaonyesha vijana kwamba ugumu huu ni jina tu. Kompyuta itakayokuwa seva hutiwa Linux. Hata mashine ya miaka kumi iliyokataliwa ofisini yafaa, mradi diski yake ni nzima. Kisha hutiwa programu ya NFS, ambayo katika Debian na Ubuntu huitwa nfs-kernel-server. Kisha huundwa folda za ghala. Tuseme ni tatu: ya masomo, ya kazi za wanafunzi, na ya walimu peke yao. Halafu katika faili iitwayo /etc/exports huandikwa mistari mitatu:

/srv/masomo 192.168.10.21(rw,sync) 192.168.10.0/24(ro,sync)
/srv/kazi 192.168.10.0/24(rw,sync)
/srv/walimu 192.168.10.21(rw,sync)

Hiyo ndiyo hati nzima ya ghala, na kila neno lake lina maana. Neno la kwanza la kila mstari ni jina la chumba cha ghala. Linalofuata ni anwani ya mgeni anayeruhusiwa: 192.168.10.21 ni kompyuta moja, tuseme ya chumba cha walimu, na 192.168.10.0/24 ni mtaa mzima wa kompyuta za shule. Ndani ya mabano mna amri za mlango. Herufi ro maana yake soma tu. Rw maana yake soma na kuandika. Neno sync huitaka seva isiseme imekwisha kuandika kabla maneno hayajakaa katika diski. Na hili ni jambo jema mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi. Baada ya hapo, amri exportfs -ra huifanya seva isome hati yake upya. Upande wa mwanafunzi, amri mount huifungamanisha folda ya seva na folda tupu iliyo katika kompyuta yake, na mstari mmoja katika /etc/fstab huifanya kazi hiyo itendeke kila mashine iwashwapo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeweza kueleza njia ya damu mwilini hawezi kushindwa na mistari mitatu.

Sasa nafika penye ubishi mkali zaidi. Wapinzani husema: ghala la nyumbani ni hatari, wanafunzi watafuta mitihani na kuiba alama. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo hauwasaidii waliouleta. Hatari haitoki katika kuwa na ghala. Hutoka katika kulifungua ghala ovyo. Na wanaolifungua ovyo, aghalabu, ni watu wavivu wa upande wetu wenyewe. Hawa nawalaumu kuliko wapinzani. Mtu akiona faili haifunguki, badala ya kutafuta sababu, huandika rw kwa kila anwani duniani, akashangilia kwamba sasa kazi imefanyika. Huyo ni sawa na mtu ambaye ufunguo wake umekataa kuzunguka, akang'oa mlango.

Karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huruhusiwa kuingia. Lakini huingia akiwa na mwenyeji, hujifunga kaniki, hufuata njia iliyowekwa, na hatoki na kitu, hata jani. Wazee waliojua kuulinda msitu kwa karne nyingi hawakuulinda kwa kuufunga kwa kila mtu, wala kwa kuuacha wazi kwa kila mtu. Waliulinda kwa kupanga nani aingie, kwa njia gani, na afanye nini. Huo ndio mpango wa ghala la faili. Herufi ro katika mstari wa masomo ni sheria ile ile ya kaya: ingia, tazama, jifunze, usibadili kitu.

Basi nitaje makosa ambayo mpangaji wa ghala sharti ayaepuke, maana uadui wa uvivu hauondoki kwa maneno matupu.

Kosa la kwanza ni nafasi moja tupu. Katika hati tuliyoiona, mabano hugusana na anwani. Mtu akiacha nafasi kati yake, akaandika 192.168.10.0/24 kisha nafasi kisha (rw), seva haitasoma alivyokusudia. Itawapa watu wa mtaa ule ruhusa za kawaida, na ruhusa ya kuandika itawapa watu wote wanaoweza kuifikia seva, watokako kokote. Kidole kimegusa kitufe kirefu mara moja tu, na ghala liko uchi. Ndiyo sababu nasema kazi hii ni ya mtu mwenye utaratibu, wala si ya mtu mwenye haraka.

Kosa la pili ni kumpa mgeni mamlaka ya mwenye nyumba. Katika Unix kuna mtumiaji mkuu aitwaye root, ambaye hakuna mlango umzuiao. NFS, isipoambiwa vingine, humshusha cheo root wa kompyuta ngeni: akifika ghalani huhesabiwa kuwa si mtu maalumu. Ulinzi huo huitwa root_squash. Lakini wako wanaoandika no_root_squash, yaani asishushwe, kwa kuwa wamesoma mahali kwamba hivyo mambo huenda upesi. Mambo huenda upesi kweli, hata mambo ya mwizi.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba NFS ya kawaida humtambua mtu kwa nambari, si kwa jina. Tuseme katika kompyuta moja nambari 1001 ni ya Mwanasha, na katika nyingine nambari hiyo hiyo ni ya Bakari. Mbele ya seva hao ni mtu mmoja, na Bakari ataifungua insha ya Mwanasha kana kwamba aliiandika yeye. Dawa yake ni shule kuwa na orodha moja ya nambari kwa kompyuta zote, kutompa mwanafunzi madaraka ya root, na kutoruhusu kompyuta ngeni kuchomekwa katika mtandao wa shule. Anayetaka ulinzi mkubwa zaidi na aitumie NFS pamoja na Kerberos, ambayo humtaka kila mtu athibitishe yeye ni nani kabla hajapokewa.

Kosa la nne ni kuligeuza ghala la nyumbani kuwa duka la barabarani. NFS husikiliza katika mlango wa nambari 2049. Mlango huo ufunguliwe ndani ya ua tu, na ruta ya shule isiuelekeze kwenye intaneti hata kidogo. Onyo hili halihusu NFS peke yake. Shule nyingi zina kompyuta za Windows, na hizo hutumikiwa vizuri zaidi na Samba, programu aliyoianza Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, ikatolewa kwa mara ya kwanza mapema mwaka 1992, ili mashine ya Unix iweze kusema lugha ya faili inayosemwa na Windows. Lugha hiyo huitwa SMB, na Samba ni njia halali na njema. Lakini mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika kasoro ya toleo la kwanza la SMB ndani ya Windows, vikazifunga kompyuta za nchi nyingi. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na upasuaji. Tena dawa ya kasoro ile ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Waliopigwa wengi walikuwa wale ambao hawakuitia dawa, au walioacha mlango wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hatari ni nyingi hivi, si bora kumwachia mgeni mwenye mafundi wengi? Najibu, la. Mgeni mwenye mafundi wengi hulinda ghala lake, lakini hajui ni nani katika shule yetu aliye na haki ya kuona nini. Hilo hupangwa na shule. Anayeliweka folda la alama katika ghala la ng'ambo, kisha akamgawia kila mtu ufunguo, amefanya kosa lile lile la nafasi moja tupu, tena mbele ya dunia nzima. Uvivu haubadiliki kuwa ulinzi kwa kusafirishwa.

Na jambo hili sasa si la adabu tu, bali ni la sheria. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo humtaka kila mwenye kuweka habari za watu azilinde, na huwaangalia watoto kwa namna ya pekee. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Majina, alama, ada na maradhi ya wanafunzi ni amana. Mwenye amana hawezi kusema mbele ya kadhi kwamba alimpa mtu mwingine amshikie na hajui aliko.

Ziko hoja mbili ndogo za wapinzani ambazo haki hunilazimisha nizikubali. Ya kwanza ni kwamba seva ya nyumbani huharibika. Ni kweli. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma, vumbi huziba feni, na umeme ukirudi kwa kishindo huunguza. Basi seva iwekwe mahali pakavu penye hewa, na ipewe betri ya kuishikilia hata izimwe kwa utaratibu. Ya pili ni kwamba kutumia faili kwa pamoja si kuweka akiba. Hili nalisisitiza mimi mwenyewe: faili ikifutwa ghalani, imefutwa kwa wote kwa mara moja. Kila jioni nakala ya ghala ichukuliwe, kwa programu kama rsync, itiwe katika diski nyingine, na diski hiyo ilale katika jengo jingine. Na kama shule ina intaneti, nakala moja iliyofungwa kwa neno la siri na ipelekwe mbali pia. Sipingani na maghala ya mbali. Napinga kuyafanya ndiyo nyumba. Shamba la mbali ni jema kwa mtu mwenye jiko lake.

Sasa nageukia wakubwa. Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wake wa elimu ya dijitali katika shule za msingi mwaka 2016, haikupeleka vibao vya watoto peke yake. Pamoja navyo ulikuwamo mtambo wa kuweka masomo na ruta ya kuyarusha darasani. Maana yake, fikra ninayoitetea haikutoka kwangu. Waliopanga mpango ule waliona tangu mwanzo kwamba somo lapasa kukaa karibu na mwanafunzi. Mahali popote ambapo mtambo wa namna hiyo umefungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, au umezimwa kwa kuwa hakuna ajuaye kuupanga, kosa si la mtambo. Kosa ni la wale wanaonunua vyombo wasinunue maarifa. Huhesabu kompyuta zilizopokewa, wakazipiga picha pamoja na wageni, na hawaulizi baada ya mwaka mmoja ni nani ashikaye ufunguo.

Ufunguo huo washike nani? Nasema washike walimu wawili na wanafunzi watano. Walimu wawili, ili mmoja akihamishwa kazi isife. Wanafunzi watano, ili elimu ikae katika shule, nao wawafundishe wadogo wao kabla hawajaondoka. Hati ya ghala iandikwe pia katika daftari la karatasi: folda zipi zipo, nani anaruhusiwa, nakala iko wapi, na kila badiliko litiwe tarehe na jina. Wanafunzi hao hawatapoteza wakati. Mitandao ya hoteli za Diani, ya hospitali, ya benki na ya ofisi za kaunti hutaka watu wa kuipanga na kuilinda kila siku, na hakuna sababu mtu huyo asiwe mzaliwa wa Lunga Lunga au Kinango.

Vijana mnaosoma kitabu hiki, msikubali kuambiwa kwamba sehemu yenu katika mambo haya ni kubonyeza tu vilivyotayarishwa na wengine. Kujua kufungua faili ni jambo dogo. Mtoto hulijua kwa siku moja. Kujua kwa nini faili hii yafunguka kwako na haifunguki kwa mwenzako, nani aliamua hivyo, na kama aliamua kwa haki, hiyo ndiyo elimu. Ulizeni katika shule zenu faili za shule zimelala wapi usiku huu. Mkijibiwa kwamba hakuna ajuaye, mmeipata kazi yenu. Tafuteni kompyuta moja ya zamani, waya, swichi na mwalimu mmoja mwenye subira, muanze na folda moja ya masomo yenye ruhusa ya kusoma tu.